Majina ya Babeli kwa Watoto wa Dumila

Mzazi wa Dumila atakaye kumpa mwanawe jina lililotoka katika hekaya za Sumeri, Babeli na Ashuru asidhani kwamba analeta jambo geni mjini, kwa sababu majina ya asili hiyo yalikwisha kufika zamani katika njia panda hii, ambapo barabara ya Kilosa na Mikumi huiacha barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, na leo yanaitwa sokoni penye matenga ya nyanya, yanaitwa kanisani, na yanaitwa shuleni mwalimu anaposoma orodha ya darasa asubuhi, wala hapana aulizaye yalikotoka. Abednego ni jina la kawaida miongoni mwetu. Maana yake ni mtumishi wa Nebo, na Nebo, ambaye Wababeli walimwita Nabu, alikuwa mungu wao wa uandishi na elimu. Modekai limejengwa juu ya Marduki, mungu mkuu wa mji wa Babeli. Zerubabeli ni mzao wa Babeli. Esta, kwa rai ya wataalamu wengi, ni Ishtari, mungu wa kike wa mapenzi na vita, ingawa wako wanaoliona jina hilo kuwa la Kiajemi lenye maana ya nyota. Kina mama wangapi wacha Mungu wameitwa Esta tangu kubatizwa mpaka kuzikwa, na uchaji wao haukupungua hata chembe! Nalitaja jambo hili kwanza ili yule anayelitamani jina la kale asiogope, na yule anayelichukia asilichukie kwa pupa, maana huenda nyumbani mwake limo tayari.

Njia zilizoyaleta ni mbili. Ya kwanza ni Kitabu. Wamisionari wa Kianglikana wa jumuiya ya Church Missionary Society walifungua kituo Mamboya, katika milima ya Ukaguru iliyo juu yetu, mnamo mwaka 1880, na mmoja wao, J. T. Last, akatoa kitabu cha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Tangu hapo Danieli na wenzake watatu waliotupwa katika tanuri ya moto, waliopewa majina mapya katika jumba la mfalme wa Babeli, wakawa ni watu wanaojulikana hata na mtoto achungaye mbuzi, na kwa wale watatu majina hayo ya uhamishoni ndiyo yaliyopendwa kuliko yale ya Kiebrania waliyozaliwa nayo. Njia ya pili ni misafara ya pwani, iliyotoka Bagamoyo ikipita Usagara kwenda Mpwapwa na Tabora, na pamoja na kaniki na shanga ikachukua dini ya Kiislamu na majina yake. Humo mlikuwamo habari za Nabii Ibrahimu aliyevunja masanamu ya watu wake, za Nabii Yunusi aliyetumwa Ninawi, na za Haruti na Maruti, malaika wawili waliotajwa katika Kurani kuwa walikuwako Babeli.

Nchi yenyewe ni ile iliyo baina ya mito miwili, Frati na Hidekeli, ambayo sehemu yake kubwa leo huitwa Iraki. Nayo si nchi isiyo na habari zetu. Katika karne ya tisa watu weusi walioitwa Zanji walitumikishwa huko katika ardhi ya chumvi karibu na Basra, wakaasi mwaka 869, wakapigana na majeshi ya Khalifa hata mwaka 883. Kwa hiyo msomaji anayesoma juu ya mabwawa na mitende ya kusini mwa Babeli anasoma juu ya tope ambalo wenzetu walilichimba kwa mikono yao, na haki ya kuyatazama mambo ya kale ya nchi ile anayo kama wengine.

Kabla ya kuchagua, mzazi na ajue kwanza jinsi watu wale wenyewe walivyokuwa wakiita watoto wao, kwa kuwa katika jambo hilo wanafanana nasi kuliko wanavyofanana na mataifa mengi yaliyo karibu nao kwa miaka. Jina la Kibabeli aghalabu lilikuwa sentensi nzima: dua, shukrani, au taarifa ya jambo lililotokea nyumbani siku mtoto alipozaliwa. Mfalme Senakeribu wa Ashuru, anayetajwa katika Kitabu cha Wafalme, jina lake kamili lilikuwa na maana ya kwamba Sini, mungu wa mwezi, amefidia ndugu. Yaani walizaliwa watoto kabla yake wakafa, na yeye akawa ndiye badala yao. Mwanawe Esar-hadoni aliitwa Ashuru amenipa ndugu, jina linalotufahamisha, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba alikuwa na wakubwa mbele yake; na kweli alikuwa mdogo wao, akawapita wote katika urithi wa kiti. Merodak-baladani ni Marduki amenipa mrithi. Belshaza ni dua: Ee Beli, mlinde mfalme. Sasa mwulize Mnyakyusa maana ya Atupele, atakuambia kuwa Mungu ametupa. Mwulize mtu wa Kilimanjaro au Upare habari ya Elibariki. Kisha tazama hapa kwetu majina ya Mashaka, Tabu, Faraja, Sikudhani, Masika na Zawadi, ambayo kila moja ni barua fupi ya mzazi kuhusu hali aliyokuwa nayo. Mama aliyefiwa na watoto wawili kisha akajifungua wa tatu mzima, awe alikaa Ninawi miaka elfu mbili na mia saba iliyopita au awe anakaa Dumila mwaka huu, husema neno lile lile.

Nami naona kwamba hapo ndipo penye faida kubwa ya kuzisoma hekaya hizo. Mzazi anaweza kuliokota jina la mungu wa Babeli na kumvika mtoto kwa sababu sauti yake ni nzuri, na asipate kitu ila sauti. Au anaweza kujifunza kutoka kwa Wababeli desturi yao ya kutia jambo la kweli katika jina, akapata jina ambalo mtoto akiulizwa maana yake atakuwa na la kujibu. Lakini maadamu wako wanaotaka jina lenyewe, na hiari ni yao, yafuatayo ni mambo ya kuangalia.

La kwanza ni kisa. Usimwite mtoto jina la mtu wa hekaya kabla ya kuisoma hekaya mpaka mwisho wake. Namtari ni jina lenye mshindo mwema masikioni, na maana yake ni hatima au majaliwa. Lakini katika hekaya yeye ndiye mjumbe wa kuzimu aliyepewa maradhi sitini ayafungulie juu ya mwili wa Ishtari. Anayetaka maana hiyo bila ya mzigo huo anayo Majaliwa, jina la Kiswahili safi ambalo aliyekuwa waziri mkuu wetu amelichukua kwa heshima. Ereshkigali ni malkia wa wafu. Nergali ni mungu wa tauni. Na lililo baya kuliko yote ni Lamashtu, ambalo mtu asiyejua angeweza kulidhania jina zuri la binti, ilhali lilikuwa ni la pepo aliyeogopwa na kila mzazi wa Babeli kwa kuua watoto wachanga na kuwadhuru wajawazito, hata kina mama wakawa wanavaa na kutundika kichwa cha Pazuzu, pepo mwingine, ili amfukuze, kama watu wa pwani walivyomfunga mtoto hirizi. Kumwita mtoto Lamashtu ni kumwita kwa jina la adui wa watoto.

Kwa upande wa pili, liko jina moja ambalo nalipenda kuliko yote ya nchi ile, na kama ningeulizwa rai na mzazi mmoja tu, hilo ndilo ningelimtajia. Nalo ni Etana. Huyu alikuwa mfalme wa mji wa Kishi baada ya gharika, mchungaji, na hakuwa na mtoto. Katika nchi yake tai na nyoka walikuwa wamekula kiapo cha ujirani mbele ya Shamashi, mungu wa jua na wa haki, wakakaa katika mti mmoja, tai juu na nyoka chini. Tai akavunja kiapo akawala wana wa nyoka, na nyoka kwa shauri la Shamashi akajificha ndani ya mzoga, akamkamata tai, akamnyonyoa manyoya na kumtupa shimoni afe kwa njaa na kiu. Etana alipomwomba Shamashi amwonyeshe mmea wa uzazi, Shamashi alimwelekeza kwenye shimo lile. Akamkuta tai hoi, akamlisha siku baada ya siku mpaka akapata nguvu za kuruka, na tai kwa shukrani akambeba mgongoni kupanda naye mbinguni kuutafuta mmea huo. Walipanda hata nchi ikaonekana ndogo mno chini yao, na bahari ikaonekana kama maji ya chombo. Etana akaingiwa na hofu akaomba kurudishwa. Vibao vya udongo vilivyoihifadhi hekaya hii vimevunjika mahali pengi, lakini orodha ya wafalme wa Sumeri inamtaja Balihi, mwana wa Etana, aliyetawala baada yake. Basi mtoto alipatikana.

Hebu lipime jina hilo. Lina silabi tatu zilizo wazi, kila moja ikiishia kwa irabu, na mwisho wake ni ule ule wa pendana, saidiana na peana, hata asiyelijua hulitamka mara ya kwanza bila ya kukwama. Halina mungu wa masanamu ndani yake, kwa kuwa Etana ni mwanadamu. Kisa chake ni cha mtu aliyetaabika kutafuta mtoto, akamtendea wema kiumbe aliyeanguka, akalipwa. Kwa wazazi waliongoja miaka mingi, waliozunguka hospitali na waganga, ni jina ambalo halihitaji kupunguzwa wala kuongezwa.

Jambo la pili ni ulimi wa mahali, na hapa mfano mmoja unatosha kwa mingi. Dumuzi ni mmojawapo wa watu mashuhuri wa hekaya za Sumeri. Jina lake kwa Kisumeri ni mwana wa kweli. Alikuwa mchungaji na mume wa Inana, ambaye Wababeli walimwita Ishtari, na Inana aliporudi kutoka kuzimu na kudaiwa atoe mtu wa kukaa huko badala yake, alimtoa yeye, hata dada yake Geshtinana kwa huruma akakubali kumpokea zamu, kila mmoja nusu ya mwaka. Watu walimlilia kila kiangazi. Nabii Ezekieli aliwaona wanawake wakimlilia langoni mwa hekalu la Yerusalemu, akamwita Tamuzi, na mpaka leo Waarabu wa Iraki na Shamu huuita mwezi wa Julai kwa jina hilo. Ni kisa cha mapenzi, cha udugu na cha majira ya mwaka, na anayekisoma mbali na hapa angeweza kusema kwamba hakuna jina linalomfaa zaidi mtoto wa nchi ya wakulima na wafugaji.

Lakini mkulima wa Dumila anamjua dumuzi mwingine. Ni mdudu wa rangi ya kahawia iliyokoza, mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4, asili yake ni Amerika ya Kati, akajulikana nchini kwetu huko Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baadhi ya watu wakamwita Skania. Fungua gunia la mahindi lililokaa ghalani tangu mavuno bila ya dawa: kabla hujaona kitu utauona unga ukichuruzika katika nyuzi za gunia na kufanya kichuguu cheupe sakafuni, ukiingiza mkono hutoka umepakaa vumbi hadi kiwiko, na punje unazoziokota ni maganda yenye matundu ya mviringo, mepesi, hayana kitu ndani. Nyumba iliyopata magunia ishirini huenda isipate ya kula mpaka masika. Sasa mwite mtoto Dumuzi, kisha usimame mlangoni jioni umwite aje kula. Jirani atageuka kutazama ghala lake. Jina lililokuwa la mchungaji mpendwa wa Sumeri limekuwa katika Kiswahili jina la maangamizi ya chakula, na hapana maelezo yatakayolitakasa katika kijiji cha mahindi. Anayempenda Dumuzi amwite mtoto Mwaminifu, au amtafutie jina jingine.

Basi kila jina litamkwe kwa sauti katika lugha zote za nyumbani na za jirani. Dumila ni mahali pa Wakaguru, Wasagara, Waluguru, Wagogo na Wamasai, na kila mmoja ana sikio lake. Kikaguru, ambacho wenyewe hukiita Chikagulu, hupenda l pale Kiswahili kiwekapo r, kwa hiyo Ishtari kinywani mwa bibi huweza kuwa Ishitali, na mzazi awe radhi nalo tangu mwanzo au aliache. Gula alikuwa mungu wa kike wa uganga, mwenye mbwa miguuni pake, lakini katika lugha kadhaa za mkoa wetu kugula ni kununua, na binti wa jina hilo atakuwa bidhaa katika vinywa vya watoto wenzake. Enkidu, rafiki wa shujaa Gilgameshi, ni mwanamume wa miraba minne aliyelelewa na swala. Ila Mmasai, aliyezoea kusikia enkiteng kwa ng'ombe jike na enkare kwa maji, huweza kulisikia jina hilo kuwa la upande wa kike. Sini, jina la mungu wa mwezi, likiandikwa kwa herufi tatu kama wazungu waliandikavyo, mtoto akipelekwa shule ya Kiingereza litasomwa dhambi. Haya si mambo ya kupuuza, kwa maana watoto ni wakali kwa majina ya wenzao.

Ulimi huo huo mara nyingine hulitukuza jina badala ya kulishusha. Utu, kwa Wasumeri, alikuwa mungu wa jua, mwenye kuona kila kitu na kuhukumu kwa haki. Wababeli walimwita Shamashi, na katika jiwe la sheria za Hamurabi, lililochimbuliwa Susa mwaka 1901 na sasa liko Paris, mfalme amesimama mbele yake. Kwetu utu ni sifa inayomfanya mtu kuwa mtu. Haki kule, wema huku, na neno moja: sijui kama iko bahati nzuri kuliko hiyo katika majina yote ya nchi ile. Nisaba alikuwa mungu wa kike wa nafaka na wa kalamu, na waandishi wa Sumeri walizimaliza kazi zao kwa kumsifu. Mswahili asikiapo Nisaba husikia hesabu, na kwa binti wa saba, au aliyezaliwa siku ya Sabasaba katika nyumba ya mkulima au ya mwalimu, hesabu hiyo ni pambo. Aya, mke wa Shamashi, alikuwa wa alfajiri, na jina lake linasomeka kwetu bila ya kubadilishwa herufi.

Jambo la tatu ni dini, nalo nalisema kwa taadhima, kwa kuwa si kila mwenye kutaka jina zuri anajua anachokigusa. Mwislamu amefundishwa kuwa miongoni mwa majina yapendezayo mbele ya Mwenyezi Mungu ni Abdallah na Abdurahmani, na kwamba utumwa wa mja hauelekezwi kwa mwingine. Hivyo jina la namna ya Abednego, mtumwa wa Nebo, ijapokuwa Wakristo wameliheshimu kwa ajili ya imani ya mwenyewe, halitapata nafasi katika akika. Jina la Namrudi, ambaye Biblia humwita Nimrodi, nalo ni vivyo hivyo. Mkristo husoma katika Mwanzo kwamba Nimrodi alikuwa hodari wa kuwinda, mwenye miji ya Babeli, Ereki na Akadi, akampa mwanawe jina hilo kwa fahari, kama alivyokuwa nalo marehemu Nimrod Mkono, wakili na mbunge wa miaka mingi kutoka Mara. Ilhali jirani yake Mwislamu, aliyekua akihadithiwa Namrudi kuwa ni jabari aliyebishana na Nabii Ibrahimu, hashangai kitu kama kumwona mtoto akiitwa hivyo. Katika nyumba yenye dini mbili, na hapa ziko nyingi, jina kama hilo ni bora liachwe. Kanisa Katoliki nalo, katika kanuni ya 855 ya sheria zake za mwaka 1983, linawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo kinyume cha hisia ya Kikristo. Basi padre au mchungaji aonywe mapema, asije akalisikia kwanza mtoto akiwa mikononi mbele ya kisima cha ubatizo.

Rai yangu ni kwamba miungu ya Babeli iachwe pale ilipo, na majina yachukuliwe kwa wanadamu wa hekaya zile: Etana niliyemtaja; Adapa, mvuvi mwenye hekima wa Eridu; Enheduana, aliyekuwa mtu wa kweli wala si wa hekaya, binti wa mfalme Sargoni na kuhani mkuu katika mji wa Uru takriban miaka 2300 kabla ya Kristo, ambaye ndiye mtunzi wa kwanza duniani anayejulikana kwa jina lake. Ama anayevutwa na miungu kwa ajili ya vitu walivyovisimamia, achukue kitu chenyewe kwa Kiswahili, maana mabaharia na masheikh walikwisha kutuletea. Nyota ya Ishtari ndiyo Zuhura, na Zuhura ni jina la mabibi zetu. Shamashi na neno la Kiarabu la jua ni ndugu wa damu, kwa kuwa Kibabeli na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja. Naye tunaye katika Shamsi na Shamsa. Mwezi wa Sini uko katika Hilali na Badru. Adadi, mwenye mvua na radi, amekwisha kujibiwa na Masika.

Linanijia hapa jambo la gharika. Hekaya ya Gilgameshi, katika kibao chake cha kumi na moja, inasimulia mafuriko na safina kwa namna inayofanana mno na habari za Nabii Nuhu, na George Smith alipokisoma kibao hicho katika jumba la makumbusho la London mwaka 1872 watu wa Ulaya walistaajabu. Mwenye safina huyo huitwa kwa Kisumeri Ziusudra, uhai wa siku nyingi, na kwa Kibabeli Atrahasisi, mwingi wa hekima. Sisi tunajua maji ni nini. Mwezi wa Januari mwaka 2014 mafuriko yaliingia Dumila na Magole, yakabomoa nyumba, yakaondoa watu katika makazi yao na kuikata barabara ya Dodoma; na miaka minne kabla ya hapo mto Mkondoa uliuzamisha mji wa Kilosa na kuing'oa reli. Mtoto aliyezaliwa katika hema siku zile, wazazi wakamwita Mafuriko, alipewa jina la kweli, lakini jina la msiba. Wasumeri katika hali iyo hiyo walilitaja lile lililosalia baada ya maji, yaani uhai. Kwa mzazi wa namna hiyo ningependekeza Uhai, au Hai, au Salama, kuliko Ziusudra, ambalo litakatwa vipande na kila mtu atakayelitamka.

Jambo la nne ni watu. Wakaguru, Wasagara na Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti katika mambo ya mtoto. Baba kijana anayerudi nyumbani na jina alilolisoma katika simu, akalitangaza bila ya kumwuliza mjomba wa mtoto wala mama mkwe, anaanza safari ndefu kwa mguu mbaya. Mtoto huhitaji somo, mtu aliye hai au aliyetangulia ambaye jina lake amelirithi, na somo huyo humpa mtoto zawadi, humwombea dua na humpokea nyumbani kwake kama wake. Etana wa Kishi hawezi kumletea mtoto kitenge wala kuku. Kwa hiyo jina la kale lisitwae nafasi ya jina la somo, bali likae kando yake: bibi amwite kwa jina la marehemu mama yake, na shuleni aitwe kwa lile jingine, na mtoto ayajibu yote mawili. Ndivyo wazee walivyofanya majina ya ubatizo yalipoingia, na nyumba hazikuvunjika.

Tena jina la mtoto wa kiume halimalizikii kwake. Kwa desturi yetu ya majina matatu, jina lake litakuwa la pili kwa wanawe na la tatu kwa wajukuu wake. Liseme likiwa mwishoni, pamoja na majina ambayo hujui bado ni ya nani: Asha Etana, Yohana Utu, Mariamu Gilgameshi. Likikaa vyema hapo, litakaa vyema popote.

La mwisho ni karatasi, nalo ni dogo kwa kulitaja na kubwa kwa madhara yake. Jina la Shadraka katika wilaya hii utalikuta limeandikwa Shadraka, Shadrack, Shedrack na Shedraki, na mara nyingine yote manne ni ya mtu mmoja: moja katika kadi ya kliniki, moja katika cheti cha ubatizo, moja katika cheti cha kumaliza shule na moja katika kitambulisho cha taifa. Mtu huyo akitaka pasi ya kusafiria, au mirathi ya baba yake, au mafao yake, hutakiwa athibitishe kwa viapo kwamba yeye ni yeye. Jina geni lina hatari hiyo mara mbili, kwa kuwa mwandishi asiyelijua huliandika alivyolisikia. Kwa hiyo, kabla ya mama kwenda kujifungua, liandikeni jina katika kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, kwa tahajia ya Kiswahili iliyo nyepesi, Etana bila ya h mwishoni, Shamashi kwa i, na karatasi hiyo ikae ndani ya kadi ya kliniki. Muuguzi aandikapo, soma alichoandika kabla hajageuza ukurasa. Kisha kizazi kisajiliwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ndani ya siku 90 tangu mtoto kuzaliwa, kama sheria inavyotaka, na cheti kitakapotoka kisomwe herufi kwa herufi pale pale dirishani, kwa sababu kosa linaloonekana siku hiyo ni rahisi kusahihishwa kuliko lile litakaloonekana mtoto akiwa darasa la saba.